Nililinda Mlango Msimu wa Senene

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo nimeanza kuandika kwa sababu furaha hii nikikaa nayo peke yangu itanipa kiungulia. Mimi ni mke wa mtu! Mke wa Gamaliel! Asubuhi nilimtazama akifunga kamba za viatu, nikaona hakuna mwanaume Bukoba nzima anayefunga kamba vizuri kama yeye.

Tumepanga sebule na chumba hapa Rwamishenye. Mlango wa sebule unafunguka moja kwa moja nje, na ukuta wetu mmoja ni wa Nuriat, anayekaanga vitumbua. Leo Nuriat alinikuta nimeandika jina langu jipya juu ya mfuko wa sukari: Joyness Gamaliel. Akacheka hadi akashika mlango.

"Shoga, sukari hiyo itaisha wiki hii. Ungeandika kwenye sufuria."

Aliposhika mlango ndipo nilipoona komeo limeng'oka. Nimemwambia Gama. Amesema atalifunga Jumamosi ijayo, halafu akanibusu shingoni, na mimi komeo nikalisahau kabisa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Habari kubwa. Kuna kampuni ya kahawa yenye ofisi Muleba na ghala hapa mjini. Inatafuta mtu wa kusimamia mtandao wake wa kompyuta. Gama ana stashahada, na kila siku anapanda mapaa ya watu kufunga intaneti kwa niaba ya bosi wake, Faruku. Lakini tangazo linataka kitu cha zaidi: cheti cha kitaalamu kinachotambulika duniani, kiwe hai, na kionyeshwe kabla ya Novemba kwisha.

Sikujua kwamba vyeti vina aina. Faruku alimshauri asome cha MikroTik. Akasema, "Nusu ya vifaa ulivyofunga kwenye mapaa ya Bukoba ni vya hao. Utasoma unachokishika." Mwingine kamwambia achukue Network+, maana hakimfungi mtu kwa kifaa cha kampuni moja. Gama alizunguka sebuleni jioni nzima. Mwisho mimi, mtu wa kidato cha nne, nikauliza, "Tangazo lenyewe limetaja kipi?"

"Limetaja CCNA."

"Basi si ndicho hicho?"

Akanitazama kama nimeimba. Akasema Mungu amempa mke na mshauri kwa mkupuo mmoja. Niliungua masikio!

Kitu kimoja kimenishangaza: vyeti hivi vinakufa. Baada ya miaka mitatu lazima uvihuishe. Nikamwambia afadhali cheti chetu cha ndoa.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Nimepika ndizi na maharage. Ameniita malkia.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumetoka Muleba kwa mama yake. Jinsi anavyonipenda! Alinishika mkono mbele ya wageni, akasema, "Mugole wangu, njoo ukae hapa karibu." Mugole ni bibi harusi, na Mama Celina analitamka neno hilo kama mtu anayeonja asali. Mama yangu alinionya nilipoondoka kwetu Izimbya kwamba mama mkwe ni mtihani. Huyu wangu si mtihani hata kidogo.

Aliniuliza kama najua kukamata senene. Nikasema najua, ila sijawahi kukamatia mume. Wakacheka wote. Akanieleza desturi yenyewe, ingawa naijua, kwa sababu alipenda kuieleza: msimu wa kwanza wa ndoa, mke huamka alfajiri kukusanya senene nyasini, akawang'oa mabawa na miguu kwa mikono yake, akawakaanga, akampelekea mume. Mume akila, humpa mke nguo mpya.

"Marehemu baba yake Gamaliel alinipa kitenge chenye ndege wa bluu," alisema. "Nimezikia watu nacho na kuozea watoto nacho. Mwaka huu nitakuja mwenyewe nikuonyeshe ninavyowakaanga mimi."

Njiani nilimuuliza Gama kitenge changu kitakuwa cha rangi gani. Akasema, "Rangi ya CCNA."

Alhamisi, 17 Oktoba

Kila jioni mimi nashika kitabu na yeye anajibu. Mwanzoni nilikuwa nasoma tu maneno nisiyoyajua. Sasa nayajua mengine. Leo tumefika kwenye orodha za ruhusa, zile amri zinazoambia kifaa nani apite na nani azuiwe. Kifaa kinasoma kutoka juu kwenda chini, na amri ya kwanza inayomhusu mgeni ndiyo inayomhukumu. Mwisho wa orodha kuna amri ambayo haiandikwi na mtu: wengine wote, kataa.

"Hata kama hukuiandika?" nikauliza.

"Ipo tu. Ukisahau kumruhusu mtu wako, atazuiwa na hiyo."

Nilimwambia kwamba moyoni mwangu nimeandika jina moja tu, waliobaki wote wanazuiwa. Kitabu kikaanguka chini. Hatukukiokota mapema.

Alhamisi, 24 Oktoba

Amefanya mtihani wa majaribio na hakufikia alama. Nilimwonyesha mahali alipokosea kugawa anwani za mtandao. Akasema, "Joy, kazi yako ni kuuliza. Usinifundishe." Halafu akaomba radhi. Amechoka, jamani. Kupanda mapaa na mvua hii si mchezo.

Komeo bado.

Jumamosi, 2 Novemba

Mtihani ni Alhamisi tarehe 14. Angeweza kusafiri nje ya mkoa kwenda kwenye kituo, lakini ameamua kuufanyia hapa hapa nyumbani, kwenye kompyuta, huku mtu wa mbali akimtazama kwa kamera. Masharti yake yananitisha. Meza iwe tupu. Kuta ziwe tupu. Simu iwe mbali. Asiseme neno. Asitokee mtu mwingine chumbani, hata kwa dakika moja, la sivyo wanaufuta mtihani na ada imekwenda.

"Mlango hauna komeo," nikasema.

"Nitalifunga. Lakini na wewe ukae pale nje. Asiingie mtu yeyote."

Nikamtania, "Hata Nuriat akileta vitumbua vya moto?"

"Hata Nuriat."

"Hata mama?"

"Hata mama. Hata askofu." Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Joy, maisha yetu yako nyuma ya mlango huo. Niahidi."

Nikaahidi. Nilijisikia kama malaika mwenye upanga!

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua usiku kucha, mvua mchana. Nuriat anasema senene wako karibu, anawasikia magotini. Fundi wangu wa mitandao hajapata nafasi ya misumari minne ya komeo.

Alhamisi, 14 Novemba

Sina nguvu ya kuandika, lakini nisipoandika leo nitakuja kujidanganya baadaye.

Alianza saa tatu asubuhi. Kwanza walimtaka azungushe kamera waone kuta. Nilikuwa nimeshaondoa kalenda na picha yetu ya harusi, nikatoka nayo picha, nikakaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa nikiwa nimeipakata. Mlango nyuma yangu, umeegeshwa tu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mimi nilikuwa naomba isipige sana ikamchanganya.

Mama Celina alikuja mtihani ukiwa katikati. Nilimwona anapanda kile kipande cha njia ya udongo kutoka barabarani, kanga kichwani, kikapu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa anatabasamu tangu mbali. Senene walikuwa wameanguka Muleba usiku. Alikuwa amepanda gari la kwanza.

"Mugole! Nilikuahidi, sikukuahidi?"

Nilisimama. Na hapo nikafanya kitu ambacho nitakijutia mpaka nife. Niliogopa sauti yake isiingie ndani, nikaweka kidole mdomoni.

Tabasamu likaondoka.

"Unaninyamazisha?"

"Mama, shikamoo. Samahani, mama," nikanong'ona. "Gama yuko ndani anafanya mtihani. Haruhusiwi mtu kuingia. Akiingia mtu wanamfutia."

"Nani anamfutia? Yuko na nani?"

"Yuko peke yake."

"Sasa peke yake nani anamwona?"

"Watu wa mtihani, mama. Wanamwona kwa kamera."

"Wako wapi?"

"Sijui. Ulaya. Labda India."

Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kanga. "Kwa hiyo mtu wa India anamwona mwanangu. Mimi niliyemzaa nisimwone."

"Ni saa moja tu imebaki, mama. Nakuomba ukae hapa kwenye kigoda, nami nitasimama."

"Kwenye kigoda. Nje. Mlangoni kwa mwanangu."

Alipiga hatua. Mlango ule mtoto mdogo angeufungua kwa kidole. Nikasogea, nikasimama mbele yake na picha yangu ya harusi kifuani. Sikumgusa. Lakini sikumpisha. Pua zetu zilikaribiana hadi nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwake.

Nuriat alitoka mbio, bakuli tupu mkononi. "Mama, karibu kwangu, karibu, kuna moto, upate chai."

"Nimetoka Muleba nije ninywe chai kwa jirani?" alisema bila kumtazama. Kisha akaniambia mimi, kwa Kihaya, taratibu, kwamba yeye katika maisha yake yote hajawahi kusimamishwa mlangoni, hata na mtu asiyempenda.

Halafu akafunua kikapu. Senene walikuwa wamekaangwa tayari, wekundu, wanang'aa kwa mafuta yao. Akachukua bakuli kutoka mikononi mwa Nuriat, akamimina wote, akamrudishia. "Kula wewe, mwanangu. Wewe umenikaribisha." Akageuka, akashuka na kikapu kitupu kwenye mvua.

Nuriat alibaki ameshika bakuli. "Shoga, nitawala vipi hawa? Watanikwama."

Gama alitoka amekunja ngumi hewani. Amemaliza! Ameona maswali yote tuliyosoma! Alininyanyua, akanizungusha na gauni langu lililolowa. Nilipomweleza, akaniteremsha.

"Hasira za mama ni za mvua, zinakauka. Nitaongea naye."

"Utamwambia ni wewe uliyesema hata yeye asiingie?"

"Nitamwambia. Joy, usiniharibie siku."

Ijumaa, 15 Novemba

Amefaulu! Gama wangu amefaulu! Nililia hadi Nuriat akadhani kuna msiba. Amewapigia simu watu wote. Mama yake hakupokea.

Jumapili, 17 Novemba

Tuliitwa Muleba. Walikuwepo mama na Baba mdogo Buberwa, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba tangu baba mkwe alipofariki. Hakuna aliyeniambia nikae karibu. Mama Celina aliniita "Joyness". Nilikuwa sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake, na lilikuwa baridi.

Njia nzima garini nilimkumbusha Gama. Sentensi moja tu, nilimwambia. "Mama, ni mimi niliyemwambia." Akasema najua, najua. Akanishika mkono tulipokuwa tunashuka, na mimi kama kawaida yangu nikaamini.

Baba mdogo alianza kwa kumpongeza kwa cheti. Wakashukuru Mungu. Kisha akasema kuna jambo. Mama akalieleza lote, bila kuongeza. Hilo lazima nimkubalie: hakuongeza hata kidogo. Kidole mdomoni. Kigoda. Kumziba njia. Mvua.

Baba mdogo akamgeukia Gama. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, baba. Kwenye mtihani."

"Ulisikia?"

"Sikusikia kitu. Mvua ilikuwa kubwa."

Nikangoja. Baba mdogo akauliza sasa swali lenyewe, swali ambalo kama ningepewa kuliandika ningeliandika hivyo hivyo: "Nani alisema mama asiingie?"

Gama aliangalia viatu vyake. Vile viatu ninavyopenda anavyovifunga. Kuku aliingia, akafukuzwa, Gama bado anaangalia viatu.

"Mtihani una masharti yake, baba," akasema mwisho. "Na Joy bado ni mgeni wa mambo. Labda hakuelewa namna ya kumweleza mama vizuri."

Hakuelewa! Mimi niliyemuuliza maswali yote ya kitabu kile!

Ningeweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa. Lakini nikamwona alivyokuwa anatoka jasho juu ya mdomo, kama mtoto aliyevunja chungu, nikamwonea huruma na nikaona haya, vyote kwa pamoja. Mke wa miezi miwili anamwumbua mume wake mbele ya mama yake na baba yake mdogo? Nilipiga magoti kwenye mkeka. Nikaomba msamaha. Mama Celina akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Kisha akasema, akimtazama mwanawe, "Kitenge cha senene hupewa mke anayefungua mlango." Na Gama akatikisa kichwa kukubali. Alitikisa!

Kwenye gari aliniambia, "Ahsante, mke wangu. Umeokoa nyumba." Nikatazama nje. Mimi nilidhani nyumba ni yeye na mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Senene wameanguka na kwetu. Niliamka alfajiri, nikaenda hadi nyasi za Kitendaguro pamoja na Nuriat, umande hadi kiunoni. Nimeng'oa mabawa hadi vidole vimekuwa vya kijani. Nimekaanga kwa chumvi na kitunguu. Nusu nimemwandalia Gama, nusu nimefunga kwenye jani la mgomba ampelekee mama, kwa kuwa kesho anakwenda kazini upande huo.

Alikula fungu lake lote. Akasifu. Hakutaja kitenge na mimi sikutaja.

Alhamisi, 21 Novemba

Jani limerudi limefungwa vilevile. "Mama amesema anao wake."

"Ulimwambia?"

"Haikuwa nafasi nzuri."

Jumapili, 24 Novemba

Shukrani kanisani, Muleba. Gama alisimama mbele na cheti chake kilichochapishwa kwa rangi, mama yake kamshika mkono wa kulia. Mwinjilisti aliomba kwa ajili ya "kijana huyu na mama aliyemlea". Nilitaka kusimama, Baba mdogo akaniashiria nibaki, mbele nafasi ni ndogo. Niliiangalia ile karatasi tokea benchi la nyuma. Kuna mambo ndani yake ninayoyajua kuliko maombi yale.

Ijumaa, 29 Novemba

Amepata kazi. Ataanza Januari. Nimempongeza. Nimepika kuku.

Jumanne, 3 Desemba

Sasa anataka cheti kingine, cha usalama wa mitandao. Msimamizi wa kampuni kamwambia mwenye hicho atakabidhiwa usalama wa ofisi na ghala. Na kwa kweli amechagua vizuri: mtu akijua njia za mtandao, kinachofuata ni kujua kuzilinda. Nakubali kwa akili yangu. Amelipia tarehe 12, kwa sababu mambo yangali mabichi kichwani.

Tumerudi kwenye kitabu. Mimi nauliza, yeye anajibu. Sura ya kwanza inasema udhaifu mkubwa wa mtandao wowote huwa ni mtu. Nilisoma hilo mara mbili. Akasema, "Endelea."

Jumapili, 8 Desemba

Mama Celina amekuja kukaa nasi wiki nzima, anatibiwa macho hapa mjini. Nimempa kitanda chetu. Ananisalimia, anakula ninachopika, anashukuru. Ni adabu tupu, kama chai isiyo na kitu. Nilimtia dawa machoni. Alikuwa amelala chali ananitazama kutoka chini.

Jumanne, 10 Desemba

"Alhamisi utanilindia mlango, mpenzi?"

Aliuliza akipaka siagi mkate, kama mtu anayeomba chumvi. Mama alikuwa nje anaota jua.

"Hapana," nikasema.

Akacheka. Kisha akaona sicheki.

"Mama yuko hapa hapa," nikasema. "Mwambie wewe asiingie. Mdomo unao."

"Joy, unajua mama alivyo. Nikimwambia hivyo atakumbuka yale mengine."

"Ndiyo. Atakumbuka."

"Si utamwambia tu wewe, kwa upole? Nyinyi wanawake mnaelewana."

Niliosha vikombe. Nilikuwa nikisubiri nimpende, kama nilivyozoea kumpenda kila akinitazama kwa macho yale, na yale macho yalikuwa pale pale, mazuri vilevile, na upendo ule haukuja.

Jumatano, 11 Desemba

Amesoma peke yake.

Alhamisi, 12 Desemba

Alfajiri Nuriat alisema wale wa mwisho wameanguka, wachache, tuwahi. Nilipokuwa navaa viatu, Gama alikuwa anafuta meza. Alitoa picha yetu ukutani mwenyewe, akailaza kifudifudi chini ya kiti.

"Umemwambia mama?"

"Dawa ya macho inamlaza. Ataamka nimeshamaliza."

"Gama. Umemwambia?"

"Nenda, Joy. Utachelewa senene."

Nikaenda. Ningeweza kuingia chumbani na kusema, mama, leo usifungue mlango huu. Maneno machache. Niliyabeba hadi Kitendaguro na nikarudi nayo. Naandika hivi ili nisije nikasema kesho kwamba sikujua.

Tulirudi jua limeshapanda. Tangu kwenye kipande cha udongo nilisikia sauti ya mume wangu. Sikuwahi kuisikia hivyo.

Mama Celina alikuwa amesimama katikati ya sebule na kikombe cha uji mikononi, mvuke unapanda. Alikuwa ametoka chumbani kumletea mwanawe uji niliouacha kwenye chupa ya chai, kwa sababu aliona hajanywa kitu tangu asubuhi. Kwenye kompyuta kulikuwa na maandishi machache tu. Mtihani umefutwa.

"Nilisema asiingie mtu yeyote!" Gama alikuwa anapiga meza. "Mtu yeyote! Hata wewe, mama! Tangu ile mara ya kwanza nilisema hata mama asiingie, nikasema wazi kabisa, hata mama, na hakuna anayenisikiliza kwenye nyumba hii!"

Halafu akasikia alichokisema mwenyewe. Nilimwona anakisikia. Mkono ukabaki juu ya meza.

Mama hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi mlangoni, na beseni langu la senene kiunoni. Macho yake bado yalikuwa mekundu kwa dawa. Aliweka kikombe chini taratibu, akatoka nje, akakaa kwenye kigoda, kile kile.

"Siku ile ya mvua. Ni yeye?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulipopiga magoti mbele ya Buberwa, ulikuwa unaomba msamaha wa kosa gani?"

"La kwake, mama."

Ndani kiti kilianguka, hakuna aliyekwenda kukiinua. Nuriat, ambaye hakosi neno, aliingia kwake na kufunga mlango.

Mama akavuta beseni, akaliweka katikati ya miguu yake, akaanza kung'oa mabawa. Kwa sasa haoni vizuri, anapapasa. Nikakaa chini pembeni yake, nikang'oa na mimi. Tuling'oa wote hadi wakaisha. Nilidhani siku ukweli ukitoka nitaruka kama siku ya ndoa. Vidole vilikuwa vinaniuma tu.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama ameondoka. Kabla ya gari alipita sokoni peke yake, akarudi na mfuko. Kitenge. Ndege wa bluu, sijui alikitafuta wapi chenye kufanana vile.

"Chukua, mugole. Ni cha senene."

"Mama, hiki hutoa mume."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana naona aibu."

Gama alikuwa amesimama nyuma ya mlango na begi la mama. Alisikia. Akamsindikiza hadi stendi, akarudi, akasema mvua itanyesha.

Jumatano, 18 Desemba

Leo amekuja na maua, yale ya plastiki ambayo mwezi wa kumi yangenitoa machozi. Ameomba radhi kwa maneno mengi mazuri. Amesema ameshalipia mtihani tena, mwezi wa kwanza, na mama atakuja kutibiwa macho wiki hiyo hiyo. Halafu akanishika mashavu kwa mikono miwili.

"Utanilindia?"

Nilimshika mkono, nikampeleka mlangoni nikamwonyesha. Mchana nilikuwa nimekwenda dukani, nikanunua komeo jipya la chuma, nikaazima bisibisi yake mwenyewe, nikalifunga. Limekaa imara, ingawa limeinama kidogo upande mmoja. Nimeliweka upande wa ndani.

"Nitakuwa jikoni, kule nje, na mama," nikamwambia. "Siku hiyo utalisukuma mwenyewe, akiwa anakutazama."

Tangu hapo amepita pale mara nyingi. Analitazama. Hajaligusa.